Mama Maabara na Darubini ya Shingo Iliyopinda

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumsikia Mama Maabara akisema "nadhani". Ukimuuliza jambo asilo na hakika nalo alijibu "bado sijaona", kisha akaendelea na shughuli yake. Mvua itanyesha leo? Bado sijaona. Yule kijana anayemchumbia binti wa jirani ni mtu wa maana? Bado sijaona. Baadhi ya watu wa Kibondo walisema hayo ni maringo ya watu wa Pwani. Mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na mmoja najua ilikuwa ni kazi yake tu, iliyomwingia hadi kwenye ulimi. Alianza kuinamia hadubini ya hospitali kabla mimi sijajua kusoma, akitafuta vijidudu vya malaria katika damu za watu. Mtu wa kazi ile akianza kudhani, alisema, kuna mgonjwa mahali fulani atapewa dawa isiyo yake.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za serikali. Kwetu halikuwa na kazi. Hata muuza maandazi alimwita Mama Maabara, na alipostaafu hakuna aliyeona sababu ya kumvua jina hilo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na milango minne na ua mmoja. Chumba changu cha mbele kilikuwa studio: picha za pasipoti, za kipaimara, za harusi, na ukuta mmoja niliopaka rangi ya bluu kwa ajili ya vitambulisho. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakapata uraia, wakalima Busunzu hadi leo. Sisi tuliokulia Kirundi nyumbani tulisema Kiswahili kwa kupanda na kushuka kama barabara zetu, na Mama Maabara alitusahihisha bila huruma. Yeye mwenyewe alijifunza neno moja tu la salamu, "bwakeye", ambalo ni la asubuhi, akalitumia hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Wazee waliitikia "bwakeye" huku jua likizama.

Alikuwa na bati la biskuti ambamo aliweka vipande vya kanga kuukuu, vilivyochemshwa, vikaanikwa kivulini, vikakatwa mraba mraba. Hivyo vilikuwa vya kufutia vioo na si kitu kingine. Siku aliyonikuta nikifuta lenzi ya kamera kwa upindo wa blauzi, alisimama mlangoni akanitazama kama mtu aliyemkuta mwenzake anaosha mtoto kwa msasa.

"Umefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu nianze kazi, Mama. Miaka sita."

"Basi una mikwaruzo ya miaka sita. Blauzi ina mchanga hata kama huuoni. Puliza kwanza. Halafu futa, toka katikati kwenda nje. Usisugue, kioo si sufuria."

Akaniachia vipande vitatu. Picha zangu za harusi zilizofuata zilikuwa na weupe ambao maharusi walidhani nimenunua kamera mpya.

Ukimsikia hivyo unaweza kufikiri alikuwa mtu wa mpangilio katika kila kitu. Hakuwa. Daftari lake la ndege liliandikwa kwa mwandiko wa kuchapa, saa na dakika, hali ya mawingu, idadi, lakini funguo za chumba alizipoteza kila wiki, na miavuli yake imetapakaa wilaya nzima. Umri wake aliuficha hata kwa daktari. Na yeye aliyeweza kukaa saa tatu bila kutikisika akimtazama ndege porini, aliogopa kuku. Kuku hai. Akipita mmoja uani alipandisha miguu juu ya stuli. Kuku wa kuchoma alimla hadi mifupa, na ukimkumbusha alijibu kwamba huyo tayari ametulia.

Alikuwa mtu wa swala. Tukiwa mlimani na wakati umefika, alifunika vyombo vyetu kwa kitambaa, akatandika kanga, akaswali, na mimi Mkristo nilikuwa na amri moja tu: nisimsemeshe. Siku moja, yuko katikati ya swala, akatua mwewe ambaye tulikuwa tumemtafuta mwezi mzima. Nilikohoa. Nikakohoa tena, na tena, na tena. Alimaliza bila haraka, akakunja kanga yake, na mwewe akawa ameshaondoka.

"Ungekohoa mara moja ningejua umeona kitu," alisema. "Umekohoa mara nne. Sasa umenitia majaribuni, na ndege nimemkosa vilevile."

Mambo ya ndege aliyaanza alipostaafu. Aliniambia macho yake yalizoea kutafuta, na yalipokosa cha kutafuta yalianza kumuuma. Kutoka hadubini kwenda darubini, alisema, ni kubadili herufi mbili tu. Alikuwa na darubini ndogo ya macho mawili iliyowahi kuanguka, jicho moja likitazama huku na jingine kule, ikimuumiza kichwa kila jioni. Mimi nilikuwa na kamera na pikipiki. Siku zisizo na harusi nilimpakia nyuma, akakaa upande upande ameshika mwavuli ambao angeuacha huko tuendako, tukashuka Busunzu kwenye bonde lililo chini ya shamba la baba yangu.

Katika bonde lile kuna korongo taji. Sisi nyumbani tunamwita umusambi. Ana shada la dhahabu kichwani, shavu jeupe, na akicheza na mwenzake hata mtu mwenye njaa husimama kutazama. Shida ni kwamba havumilii watu. Ukiwa mbali ni nukta ya kijivu. Ukisogea anaruka. Nilipiga picha zake mwaka mzima, na zote zilikuwa ni za nukta au za mgongo.

"Tunahitaji darubini ya miguu mitatu," alisema Mama Maabara. "Ile ya jicho moja. Sisi tukae huku, yeye akae kule, kila mtu na heshima yake."

Nilikuwa nimeshaanza kuitafuta kwenye simu. Niliota ile inayokuza mara mia. Niliwatangazia marafiki zangu wote. Tukasikia kwamba Kasulu yupo fundi mmoja Mkongomani, mtengenezaji wa redio na kamera, mwenye darubini mbili za namna hiyo, na asubuhi moja tukaenda.

Fundi alikuwa mtu mwenye furaha, amevaa suti ya kitenge. Alitoa kwanza ile kubwa, nyeusi, ndefu kama mkono wangu.

"Bon, Mama, hii njo mwenyewe. Inavuta mara mia. Iko na nguvu mbaya."

"Wewe umeona nini kwa hiyo mara mia?"

"Mwezi, Mama. Nimeona mwezi na mashimo yake yote."

"Mwezi hauruki," alisema Mama Maabara. "Toa na hiyo nyingine."

Nyingine ilikuwa fupi, ya kijani, mpira wake umechakaa, na sehemu ya kuwekea jicho imepinda kwenda juu kama shingo ya birika. Inakuza kuanzia mara kumi na tano hadi arobaini na tano. Nilishaanza kuidharau kabla haijawekwa mezani.

Nilidhani ununuzi utachukua dakika kumi. Tulikaa pale hadi magharibi.

Kwanza alizitoa zote mbili nje, akazielekeza kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara, mbali, penye mifuko ya saruji iliyopangwa. Akaniambia nisome maandishi madogo ya kwenye mfuko. Kwa ile nyeusi, nilipokuza hadi mwisho, herufi zilitetemeka na kuchemka kama uji. Nilirudisha, nikakuza, nikarudisha. Sikuweza kusoma hata neno moja. Kwa ile ya kijani, kwa mara thelathini tu, nilisoma hadi uzito wa mfuko.

"Ile hewa ya joto unayoiona jikoni juu ya jiko, ipo barabarani pia na ipo bondeni," alinieleza. "Ukikuza ndege mara mia umekuza na hewa mara mia. Wanafunzi wangu walikuwa hivyo hivyo. Mpya akifika anakimbilia lenzi kubwa kabla hajajua yuko wapi kwenye kioo. Kuza kidogo kwanza, ujue ulipo. Halafu sogea."

Kisha akavaa miwani yake na kutazama tena. Kwenye nyeusi aliona kitundu kidogo katikati ya giza. Kwenye kijani aliona duara zima, na miwani usoni. "Sitaki chombo kinachonitaka nivue macho yangu ndipo nione," alisema.

Bado nilikuwa naipigania ile nyeusi. Nikasema angalau imenyooka, unaelekeza unapotazama, wakati ile yenye shingo iliyopinda unatazama chini na ndege yuko mbele.

"Utaizoea kwa siku mbili. Baba yako ni mrefu kiasi gani?"

"Mrefu sana, Mama."

"Na mimi ni mfupi sana. Iliyonyooka utaipandisha na kuishusha stendi kutwa nzima, na kila ukiigusa ndege amepotea. Hii unaipanga kwa kimo cha mfupi. Mrefu atainama, kuinama hakuumizi."

Halafu akafanya jambo lililomwondolea fundi ile furaha yake. Alikwenda duka la jirani linalouza soda, akazungumza na mwenye duka, wakaziweka darubini zote mbili ndani ya friji.

"Mama, weye unaua kitu ya watu," alisema fundi, ameshika kichwa.

"Milimani kwetu asubuhi ni baridi kama hiyo friji. Kama itakufa, ifie hapa."

Baada ya nusu saa zilitolewa. Zote zilipata ukungu juu ya vioo, nao ukakauka. Lakini ile nyeusi ilibaki na wingu jingine, la ndani, ambalo hakuna kitambaa kingelifikia. Tuliitazama sote watatu. Fundi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba kumbe inavuja hewa na yeye hakujua. Nilimwamini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu ndugu yake.

Tulisubiri jioni. Mama Maabara aliswali alasiri nyuma ya duka, akarudi, akakaa hadi mwanga ulipoanza kufifia, maana ndege, alisema, hawatoki saa sita mchana kwa ajili yetu. Kupitia ile ya kijani, wakati barabara imeshakuwa ya kijivu, bado niliweza kuona rangi ya kamba shingoni mwa mbuzi aliyefungwa mbali. Nikasalimu amri.

Fundi, nadhani kwa kufarijika kwamba hatukumtangaza mjini, alitutengenezea zawadi. Alikata kipande cha bomba la plastiki, akakivisha ndani mpira wa tairi la baiskeli, kikakaa sawasawa kwenye jicho la darubini na upande wa pili kikashika simu yangu. Kamera yangu kubwa ilikataa kabisa, ilileta duara jeusi. Simu, yenye kijicho chake kidogo, ilikubali. Kwa hiyo picha bora za ndege nilizowahi kupiga maishani nimezipiga kwa simu na bomba la maji.

Msimu wa kupanda wa mwaka ule baba yangu alinipigia.

"Njoo uchukue wale kuku wako watatu. Wafunge huko kwako kwa wiki mbili."

"Kuna nini, Baba?"

"Tunaweka sumu. Imisambi inang'oa mahindi. Wenye mashamba ya bondeni wote tumekubaliana."

Nilimweleza Mama Maabara huku nikitafuta tenga la kuwabebea. Nilitarajia azungumze juu ya uzuri wa ndege. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Kituo changu cha kwanza cha kazi," alisema, "nilikuwa zamu walipoletwa watu wanne wa familia moja. Waliokota ndege waliokufa shambani, wakawapika. Watatu waliamka." Akachukua mwavuli wake. "Washa pikipiki."

Baba alikuwa uani kwake, na pembeni ya ghala lilikuwepo beseni limefunikwa kwa bati. Nililifunua kidogo: punje za mahindi. Chupa ya dawa ilikuwa juu ya dirisha. Punje zingetiwa dawa jioni ile.

"Bwakeye, Mzee," alisema Mama Maabara, na safari hii ilikuwa asubuhi kweli.

"Bwakeye, Mama. Karibu."

"Nimekuja kukuomba asubuhi tatu."

"Asubuhi tatu, mahindi yangu yote yatakuwa matumboni mwao."

"Umewaona wakila?"

"Nawaona shambani kila siku."

"Hapana, Mzee. Nimeuliza wakila."

Baba alimtazama, halafu akanitazama mimi. "Huyu mama anauliza kama hakimu," aliniambia kwa Kirundi. Lakini alikuwa mtu wa adabu za zamani, na mgeni mwenye mvi akiomba asubuhi tatu, anapewa. Akaenda kuwaeleza wenzake.

Asubuhi hizo tatu sitazisahau. Tulikaa ukingoni mwa mlima kabla mwanga haujatosha kusoma, tumejifunika mashuka, darubini imepangwa kwa kimo cha Mama Maabara. Alitazama, akataja, mimi nikaandika. Tulikuwa na safu tatu: mdudu, mche, na haijulikani. Hiyo ya tatu nilitaka kuiacha kwa sababu ilijaa haraka. Alikataa. Alisema safu hiyo ndiyo inayotuzuia kusema uongo.

Siku ya kwanza korongo walitembea kwenye matuta kama wakaguzi, na kwa kukuza mara ishirini tu tuliona wazi midomoni mwao: funza wa udongo, panzi, funza tena. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Siku ya pili tulifika mapema zaidi, tukagundua kwamba korongo hawakuwa wa kwanza shambani. Mwanga ulipoanza, upande wa nyasi ndefu walitoka kwale, mmoja, wanne, familia nzima, wakafuata tuta moja baada ya jingine, wakichakura kama wanawake wanaovuna karanga. Ungewakaribia kwa miguu wangezama kwenye nyasi na usingejua walikuwepo. Mashimo yote ambayo Baba aliyaona saa mbili, akiwa na korongo mbele ya macho yake, yalikuwa yameshachimbwa saa kumi na mbili.

Siku ya tatu jua lilichomoza vizuri, na korongo mmoja akasimama kwenye tuta la karibu zaidi. Nilikuwa na simu kwenye bomba. Aliinama, akavuta, akainua kichwa, na mdomoni alikuwa na mche wa mahindi, punje yake ikining'inia mzizini. Shada lake lilikuwa limewaka kwa jua. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kidole changu kikaenda kwenye alama ya kufuta.

"Nitaifuta," nilisema.

"Kwa nini?"

"Mama, tunakwenda mbele ya watu wenye sumu tayari. Tukiwaonyesha hii tumemaliza kazi bure. Ni miche michache. Kwale ndio wengi."

"Umepima damu za watu mia," alisema polepole, jicho bado kwenye darubini, "ukapata mmoja ana ugonjwa, ukamficha kwa sababu ni rafiki yako. Majibu ya wale tisini na tisa nayaaminije? Ukificha chanya moja, hasi zako zote ni uongo. Usiifute."

Sikuifuta, ila nilishuka mlima nikiwa nimemkasirikia. Nilimwona kama mtu anayependa ukweli kuliko vitu ambavyo ukweli unapaswa kuvisaidia.

Kikao kilikuwa uani kwa Baba, watu kama ishirini. Mama Maabara alipanga darubini ikitazama bondeni, na kila mtu akatazama, wafupi wakiwa wamesimama na warefu wameinama, hata bibi mmoja aliyesema hajaona ng'ambo ya bonde tangu utoto wa mwanawe wa mwisho. Kisha nikapitisha simu. Kwale, kwale, kwale, korongo na funza. Mwisho ile picha. Ilizunguka uani polepole. Niliangalia beseni.

"Kwa hiyo umusambi anakula," alisema Baba.

"Anakula," alijibu Mama Maabara. "Asubuhi tatu tumewaona waking'oa miche kumi na mmoja. Mingine sikuweza kuona ni nini, nimeiandika hivyo."

"Na kwale?"

"Kwale tuliacha kuhesabu."

Mzee mmoja wa upande wa nyuma akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe: "Sasa tukiweka sumu, na kwale ndiye anatangulia, atakufa nani kwanza?"

Hakuna mtu pale ambaye hali kwale. Watoto wao hutega kila msimu. Baba alishika ukingo wa kiti chake.

"Mimi nimekula juzi," alisema. "Na kesho kutwa ningekula tena."

Walizungumza kwa muda mrefu baada ya hapo, kwa Kiha na Kirundi, haraka mno kwa Mama Maabara. Mwishowe walikubaliana kufyeka nyasi za ukingoni, kutega kwale kwa mitego ya kamba, na kupeana zamu za kulinda hadi mahindi yashike mizizi. Bwana shamba wa kata alikuja siku iliyofuata akaondoka na chupa. Kuku wangu waliokuwa tengani nikawafungulia pale pale uani, na Mama Maabara akapandisha miguu juu ya kiti.

Sikujua jinsi nilivyokuwa nimejikaza hadi nilipofika nyumbani nikashindwa kuinua mabega kuvua koti. Nililala kuanzia jioni hadi jua limepanda.

Wiki mbili baadaye Baba aliniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Tulikuwa tunakula.

"Asingeonyesha ile picha ya mwisho, ningetia sumu usiku uleule," alisema. "Mimi nilishamwona umusambi na mche mdomoni, kwa macho yangu. Nilikuwa nangoja nione kama mtanidanganya."

Nilimpelekea Mama Maabara maneno hayo. Nilitarajia ajisifu kidogo. Alisema, "Mzee wako angefaa maabara," akaendelea kutafuta funguo zake.

Mvua zilipopungua tuliona bondeni jozi ya korongo wakiwa na kifaranga kimoja, rangi ya nyasi kavu, kikianguka kila hatua ya tatu. Alitazama hadi machozi ya kutopepesa yakamtoka. Aliondoa jicho, akafuta miwani kwa kipande cha kanga, akanipisha.

"Nimeona," alisema. Hilo tu.

Baada ya miaka michache alihamia Kasulu kwa binti yake. Tuliwasiliana kwa simu. Nilimtumia picha, naye alinirudishia ukali wake wote: huyu umemkata mkia, hapa mkono ulitikisika, jua liko nyuma yake unamtafutia nini. Halafu, bila mimi kuona ilianza lini, majibu yakawa mafupi. Mwishowe yakawa neno moja. "Nzuri." Kila picha, nzuri. Nilijaribu kumtumia moja mbovu kwa makusudi, ukungu mtupu. Akajibu nzuri.

Nilipiga simu, akasema ana kazi. Nilipiga tena, haikupokelewa kwa siku nne. Kisha binti yake aliandika: "Mama alikuwa hospitali. Ukiweza njoo." Niliweka nguo za kukaa wiki nzima, na kitenge cheusi chini kabisa ya begi, ambacho sikutaka kukitazama nikiwa nakifunga.

Binti yake alinifungulia geti akanishika mkono. "Usiogope, dada. Ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Karibu miaka miwili hatuambii. Alihesabu hatua za kwenda chooni ili tusijue. Wamemfanyia upasuaji, jana ndiyo wametoa bandeji ya jicho la pili."

Alikuwa ameketi mkekani, kivulini, na miwani myeusi waliyompa. Amekonda. Nilimsalimu, akageuka upande wangu moja kwa moja, haraka.

"Wamenitoa lenzi niliyozaliwa nayo, wakaniwekea nyingine," alisema. "Na hawakunipa hata nafasi ya kuchagua."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia, ungekuja kunishika mkono kama kipofu."

"Si ulikuwa huoni?"

"Ndiyo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kosa. Alivua ile miwani, akapepesa kwa mwanga, macho mekundu bado yana maji. "Sogea. Kaa hapa, jua likupate upande."

Nikakaa. Alinishika kidevu akanigeuza, kama alivyokuwa akigeuza vioo vyake zamani, akanitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba binti yake alitoka na chai, akatuona, akarudi nayo ndani.

"Umeota mvi," alisema. "Hapa juu ya sikio. Tatu. Hapana, nne. Tulia."

Nikamwachia kichwa changu, aendelee kuhesabu.